Goti na Kikomo Chake: Somo la Usalama Barabarani kwa Wakazi wa Kata za Masama



Mtu anayeishi kwenye miteremko ya Kilimanjaro huyategemea magoti yake kuliko anavyofikiri. Kwa magoti hayo hushuka hadi Kwa Sadala kufuata usafiri, na kwa magoti hayo hupanda tena na mzigo wa sukari, unga na mafuta ya taa. Kwa magoti huinama kupalilia kahawa kihambani, huvuka mfereji, hubeba mkungu wa ndizi na majani ya ng'ombe, na hupiga goti ibadani. Tambarare, mtu mwenye goti bovu anaweza kuvumilia. Mlimani, goti likiharibika, njia ya kila siku hugeuka kizuizi.

Somo hili linahusu goti linapokutana na ajali ya barabarani. Tunakusudia kujibu maswali matatu: goti linaweza kuvumilia kiasi gani cha nguvu kabla ya kuharibika? Ni mambo gani yanayolipitisha kwenye kikomo hicho? Na ndugu au jirani akiumia goti, afanyiwe nini katika muda wa mwanzo ili asipoteze mguu?

MAUMBILE YA GOTI

Goti ni mahali ambapo mifupa miwili mirefu hukutana: mfupa wa paja kwa juu na mfupa wa muundi kwa chini. Mbele yake hukaa mfupa mdogo wa mviringo uitwao pia ya goti. Kati ya paja na muundi yamo magegedu, mfano wa mito laini, ambayo hupokea uzito na kuzuia mifupa isisagane.

Mifupa hiyo haikushikiliwa na tundu lenye kuta, kama ilivyo nyonga. Imeshikiliwa na kano nne imara. Mbili ziko pembeni, moja upande wa ndani na nyingine upande wa nje, nazo huzuia goti lisipinde kuelekea kando. Mbili ziko katikati na hupishana kama msalaba, nazo huzuia muundi usiteleze kwenda mbele wala nyuma.

Nyuma ya goti, karibu sana na mfupa, unapita mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye muundi na wayo. Jirani yake ipo mishipa ya fahamu, na mmoja wa mishipa hiyo huzunguka upande wa nje chini kidogo ya goti na kuuwezesha mguu kuinua vidole. Tuukumbuke mshipa huo wa damu, kwa kuwa ndio utakaotuongoza katika sehemu ya mwisho ya somo hili.

KIKOMO CHA GOTI KIMEPIMWAJE?

Katika miaka ya 1960, Profesa Lawrence Patrick wa Chuo Kikuu cha Wayne State, mjini Detroit, Marekani, alikuwa miongoni mwa watafiti waliotaka kujua mwili wa binadamu unastahimili nguvu kiasi gani ndani ya gari linalogonga. Yeye na wenzake walipima kwa kutumia miili ya marehemu iliyotolewa kwa ajili ya elimu ya tiba. Zaidi ya hayo, Profesa Patrick alikubali kupimwa yeye mwenyewe, hata akawa analigonga goti lake tena na tena kwenye chuma chenye kipima nguvu.

Kazi za namna hiyo ndizo zilizozaa vipimo vinavyotumika hadi leo katika majaribio ya magari mapya. Ndani ya gari huwekwa sanamu zenye umbo na uzito wa binadamu, kisha gari hugongeshwa. Kanuni za Marekani zinataka nguvu inayoingia gotini na kupita kwenye paja la sanamu ya mwanamume wa umbo la wastani isizidi newtoni 10,000. Kwa sanamu ya mwanamke mwenye umbo dogo, kikomo ni newtoni 6,805.

Ili tuelewe ukubwa wa namba hizo, tuchukue gunia la mahindi la kilo 100. Newtoni 10,000 ni takriban uzito wa magunia 10 ya namna hiyo yaliyowekwa yote juu ya paja moja. Kwa mwanamke mwenye umbo dogo ni kama magunia 7. Kwa hiyo goti si kiungo dhaifu. Lakini sharti moja lizingatiwe: kikomo hicho ni cha nguvu inayokuja kutoka mbele, ikaingia kwa unyoofu kwenye paja, na ikasambaa vizuri juu ya goti. Goti likigonga kitu kigumu na chembamba, kama ukingo wa chuma, pia ya goti inaweza kupasuka kwa nguvu ndogo kuliko hiyo. Na nguvu ikitoka kando, hesabu hubadilika kabisa, kama tutakavyoona.

MWENDO NA NAFASI YA KUSIMAMIA

Mambo mawili ndiyo yanayoamua goti litapata nguvu kiasi gani: mwendo wa chombo, na urefu wa nafasi ambamo goti linasimamishwa.

Tuanze na mwendo. Kugonga ukuta kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 3 na nusu, yaani kutoka kwenye matawi ya chini ya mgrevilea. Kwa mwendo wa kilomita 50 ni sawa na kuanguka kutoka karibu mita 10. Kwa mwendo wa kilomita 80 ni sawa na kuanguka kutoka mita 25, kimo cha mti mkubwa mzima. Dereva anayeongeza mwendo mara mbili huongeza nguvu ya kishindo mara nne. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na hesabu hii inatuonyesha sababu.

Sasa nafasi ya kusimamia. Tuseme uzito wa kilo 20 wa mwili unasukuma nyuma ya goti moja, na gari linakwenda kilomita 50 kwa saa linapogonga. Goti likisimamishwa ghafla ndani ya sentimita 2, kwa kugonga chuma kisichobonyea, litapokea wastani wa newtoni zaidi ya 96,000. Hayo ni magunia zaidi ya 90, na hakuna goti la binadamu linaloweza kuyabeba. Goti hilohilo likisimamishwa taratibu ndani ya sentimita 20, litapokea newtoni zisizofika 10,000, yaani chini kidogo ya kikomo. Mwendo ukishuka hadi kilomita 30, na nafasi ikabaki sentimita 20, nguvu hushuka hadi karibu newtoni 3,500, ambayo ni kama magunia matatu na nusu.

Hapa ndipo ulipo msingi wa somo zima. Goti huokolewa na mwendo mdogo na nafasi ya kusimama. Kila kinga ya barabarani inayofaa, iwe mkanda, kiti au bampa laini, hufanya kazi kwa kuongeza nafasi hiyo.

ABIRIA NDANI YA GARI

Gari likigonga kwa mbele, lenyewe husimama, lakini abiria asiyefunga mkanda huendelea na safari. Magoti yake ndiyo yanayofika mwanzo kwenye dashibodi au kwenye chuma cha kiti cha mbele. Kishindo hicho kinaweza kupasua pia ya goti, kuvunja paja, au kusukuma paja lote kinyumenyume hadi nyonga ikateguka. Muundi nao ukigongwa chini kidogo ya goti husukumwa nyuma na kukata mojawapo ya kano za katikati. Kanuni za Umoja wa Mataifa za majaribio ya kugonga kwa mbele haziruhusu muundi wa sanamu uteleze zaidi ya milimita 15, takriban upana wa kidole kimoja.

Mkanda huzuia nyonga kabla magoti hayajafika mbele. Sehemu yake ya chini ikae juu ya mifupa ya nyonga, si juu ya tumbo; kwa mama mjamzito ipite chini ya tumbo. Kiti cha mbele kilichotengenezwa kwa abiria mmoja kikikaliwa na wawili, mkanda mmoja hauwezi kuwafunga wote, na magoti ya mmoja wao hubaki yakigusana na dashibodi. Aidha, abiria asiweke miguu juu ya dashibodi, wala asibane ndoo au dumu kati ya magoti na kiti cha mbele. Kwa kufanya hivyo anaipoteza ile nafasi ndogo aliyokuwa nayo.

MTEMBEA KWA MIGUU

Bampa la gari dogo hukaa karibu na kimo cha goti la mtu mzima. Mtu anayevuka barabara hugongwa ubavuni, maana yake goti hupigwa kutoka upande ambao halikuumbwa kupinda. Kanuni ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2008 kuhusu usalama wa watembea kwa miguu ilieleza jaribio la kurusha mguu wa bandia kwenye bampa kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Katika jaribio hilo, goti halipaswi kupinda kando zaidi ya nyuzi 19, wala mifupa kupishana kwa kuteleza zaidi ya milimita 6. Zaidi ya hapo, kano za goti huhesabiwa kuwa zimekatika.

Tutafakari namba hizo. Goti linalokunjika kuelekea nyuma hadi kisigino kikaribie kalio, halivumilii hata nyuzi 20 kwenda kando. Kwa mtoto hali ni tofauti na mbaya zaidi: bampa lililo kwenye kimo cha goti la mzazi humfikia yeye pajani, nyongani au tumboni.

Watengenezaji wa magari ya kisasa huweka povu laini nyuma ya bampa ili mguu upate nafasi ya kusimama. Mwenye gari anayefunga ngao ya chuma mbele ya bampa hilo huiondoa nafasi hiyo. Ngao hiyo inaweza kulinda taa za gari, lakini humrudishia mtembea kwa miguu zile sentimita 2 za hesabu yetu.

Nasi tunaotembea tuna wajibu wetu. Tutembee upande wa kulia ili tuyaone magari yanayotujia, tuvae kitu cheupe au kinachong'aa jioni na alfajiri, na tusiwatume watoto wadogo kuvuka barabara kuu peke yao.

BODABODA NA MSHIKAKI

Kofia ngumu hulinda kichwa, na sheria inawataka dereva na abiria wote wawili waivae. Magoti, hata hivyo, hubaki wazi. Ndiyo sehemu zinazojitokeza pembeni ya pikipiki, na katika kupishana kwenye njia nyembamba ndizo zinazogongwa kwanza na gari, ukuta wa daraja au pikipiki nyingine. Kishindo hicho hutoka mbele na kando kwa wakati mmoja.

Ubebaji wa mshikaki huongeza hatari hiyo. Watu watatu wakipanda, dereva husogea mbele hadi kwenye tangi, magoti hutanuka zaidi kuliko upana wa usukani, na abiria wa nyuma hukosa mahali pa kukanyaga. Mguu unaoning'inia hauna msaada wowote pikipiki inapoegemea. Vilevile abiria anayekaa upande mmoja, miguu yote miwili ikielekea upande wa barabara, huyaweka magoti yake yote mawili mbele ya chombo kinachokuja.

Baadhi ya waendesha bodaboda hufunga vyuma vya pembeni wakiamini vinalinda miguu. Ni vyema wajue kwamba uchunguzi mkubwa ulioongozwa na Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, uliochapishwa mwaka 1981 baada ya kuchunguza ajali 900 za pikipiki mjini Los Angeles na maeneo ya jirani, ulikuta kwamba vyuma hivyo vilipunguza majeraha ya wayo na kifundo cha mguu, lakini majeraha ya goti, muundi na paja yakaongezeka. Chuma hakikuondoa nguvu ya ajali, kiliihamisha tu. Kinga ya kweli ni mwendo mdogo, hasa wakati wa masika ambapo udongo wetu mwekundu huteleza kama sabuni, abiria mmoja tu, na miguu yote kwenye vikanyagio vyake.

MUDA WA SAA 6 ZA KWANZA

Sasa tuurudie ule mshipa mkubwa wa damu nyuma ya goti. Goti likiteguka katika ajali, mshipa huo unaweza kuvutwa na kuchanika kwa ndani. Hatari yake ni kwamba huenda ngozi isipasuke na damu isionekane. Wakati mwingine goti huteguka na kurudi mahali pake lenyewe kabla mtu hajainuliwa barabarani, likabaki limevimba kidogo tu. Ndugu hufarijika, humpa dawa ya maumivu, na kusema watampeleka hospitali kukikucha.

Nyama za mguu zisizopata damu huanza kufa. Madaktari huhesabu muda wa takriban saa 6 tangu kuumia. Mtiririko wa damu usiporudishwa ndani ya muda huo, uwezekano wa kukatwa mguu huongezeka sana. Mtu aliyeumia saa 2 usiku hufikia mwisho wa muda huo saa 8 usiku. Kungoja kukuche ni kuchelewa.

Kwa hiyo kila mtu aliyeumia goti kwenye ajali afanyiwe ukaguzi ufuatao, hata kama hana jeraha:

1. Gusa nyayo zote mbili. Je, mmoja ni wa baridi au umepauka kuliko mwenzake?
2. Tafuta mapigo ya damu juu ya wayo na nyuma ya kifundo cha ndani. Je, yanasikika sawa kwa miguu yote miwili?
3. Mwambie ainue vidole na wayo kwenda juu. Je, anaweza?
4. Mguse vidoleni. Je, anahisi mguso?

Jibu lolote lisilo la kawaida ni dharura. Na hata majibu yote yakiwa mazuri, goti lililovimba haraka au lisiloweza kubeba uzito linapaswa kuonwa na daktari siku hiyohiyo. Ukaguzi urudiwe kila baada ya muda mfupi njiani, kwa sababu hali inaweza kubadilika.

Wakati wa kumsafirisha majeruhi:

- Usiuvute mguu wala usiunyooshe kwa nguvu. Ufunge kama ulivyoukuta, kwa banzi, yaani mbao mbili zilizozungushiwa nguo au magome makavu ya mgomba, na uzifunge kwa kanga juu na chini ya goti. Usifunge kwa kukaza kiasi cha kuzuia damu.
- Penye jeraha, funika kwa kitambaa safi. Penye damu inayotoka kwa wingi, bonyeza kwa mkono bila kuachia. Jeraha dogo juu ya goti linaweza kuwa limefika ndani ya kiungo, hivyo lisafishwe hospitali, na majeruhi aulizie chanjo ya pepopunda.
- Usimkande kwa maji ya moto, usimchue, wala usimpake majani. Usimpe chakula, kwani huenda akahitaji upasuaji.
- Usimpakie kwenye bodaboda mguu ukining'inia. Tafuta gari ambamo anaweza kulala au kunyoosha mguu.
- Andika saa aliyoumia na uikabidhi kwa mganga wa kwanza atakayempokea.

Waganga wa jadi wa mifupa wanaheshimiwa katika jamii yetu, na somo hili halikuandikwa kuwadharau. Lakini mshipa wa damu uliochanika haufungwi kwa kuchua wala kwa mianzi. Huhitaji mpasuaji, na huhitaji kuwahiwa.

WAPI PA KUKIMBILIA

Zahanati au kituo cha afya kilicho karibu kinaweza kufunga banzi, kupunguza maumivu na kuandika rufaa. Hospitali ya Wilaya ya Hai iliyopo Bomang'ombe na Hospitali ya Machame hupokea majeruhi. Mguu ulio baridi au usio na mapigo huhitaji hospitali kubwa yenye wapasuaji. Kwa upande wetu ni KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 mjini Moshi. Aliyempeleka majeruhi aseme wazi tangu mwanzo, "Mguu ni wa baridi," ili rufaa isicheleweshwe.

Namba ya dharura ya polisi ni 112. Fomu ya Polisi Namba 3, maarufu kama PF3, ni muhimu kwa matibabu ya ajali na kwa madai ya bima. Ndugu wagawane kazi: mmoja afuate fomu kituo cha polisi, wengine waondoke na majeruhi bila kusubiri.

Baada ya tiba, majeruhi asiache mazoezi ya viungo aliyoelekezwa. Goti lililofungwa kwa wiki nyingi hukakamaa, na kushuka mteremko hulibebesha goti mzigo mkubwa kuliko kutembea tambarare. Mwenye kuacha mazoezi mapema huweza kupona mfupa akabaki na mguu usiokunjika.

MASWALI YA KUJIPIMA

Maswali haya yanaweza kujadiliwa nyumbani, shuleni, kijiweni pa bodaboda au katika mkutano wa kijiji.

1. Kwa nini goti linavumilia zaidi kishindo cha mbele kuliko cha kando?
2. Eleza jinsi mkanda unavyoliongezea goti nafasi ya kusimama.
3. Jirani ameangushwa na pikipiki saa 1 jioni. Goti limevimba, hana jeraha, wayo ni wa baridi. Ni saa ngapi muda wake unakwisha, na utafanya nini sasa hivi?
4. Katika kijiji chako, ni nani mwenye gari linaloweza kumsafirisha majeruhi usiku, na namba yake ya simu imeandikwa wapi?

Swali la nne halina jibu katika somo hili. Jibu lake linapaswa kuandikwa nyumbani kwako na kubandikwa ukutani kabla ajali haijatokea.